Rilei tupu, Arduino au bodi ndogo ya dukani? Ulinganisho kwa wanaojitengenezea vidude vya gari

Kabla hujatoa hela ya Arduino, kile kibodi (bodi ndogo ya umeme) unachokiandikia programu, jiulize kitu kimoja: hiki kidude nachotaka kutengeneza kikifa ghafla niko Segera saa nane usiku, gari itaendelea na safari au ndo nalala pale pale? Mi naona hilo swali linachagua kuliko bei, kuliko ujanja wa kodi (maandishi ya programu), kuliko video zote ulizoangalia. Hapa Tanga vijana wanaopenda kuchezea umeme wa magari wapo wengi siku hizi, wengine wametoka VETA, wengine wamejifunzia kwenye simu tu, na ukipita gereji za Ngamiani ubishi ni ule ule, mmoja anasema rilei na waya vinatosha, mwingine anasema huo ushamba weka Arduino, wa tatu anacheka tu anasema mnajisumbua nini na vibodi vya Mchina vipo tayari. Wote wako sahihi ila kila mmoja ana kazi yake kichwani, ndo maana hawaelewani. So hapa silinganishi kwa maneno ya jumla, nalinganisha kazi kwa kazi, na gari ninazozisemea ni hizi zetu, Vitz, IST, Probox, Noah ya abiria, Hiace ya daladala, Kirikuu ya samaki.

Kwanza tujue tunashindanisha nini

Njia ya kwanza ni rilei, swichi inayoamshwa kwa umeme. Ile ya gari, kimchemraba cheusi chenye namba chini yake, 30, 85, 86, 87 na zingine zina 87a. Mguu wa 30 ndo umeme unaingia, 87 unatoka, 85 na 86 ni koili, 87a ni ule unaoguswa rilei ikiwa imelala. Izo namba ni za mfumo wa Kijerumani, DIN 72552, ndo maana rilei ya duka lolote inakubali. Koili inakula kama ampia 0.15 tu na upande wa pili unabeba ampia 30 hadi 40. Ukiongezea transista, IC ya 555 ya kuhesabu muda au LM393 ya kulinganisha volti bado uko njia hii hii, hakuna kodi wala kompyuta.

Njia ya pili ni Arduino Nano, au ESP32 kama unataka WiFi na Bluetooth. Arduino ilianzia Ivrea huko Italia mwaka 2005, walikuwa wanawatengenezea wanafunzi wa ubunifu kitu rahisi cha kuchezea mezani. Mezani, siyo chini ya boneti. Tutarudi hapo.

Ya tatu ni kununua kibodi au kifaa kilichokamilika: W1209 ya kupima joto yenye kioo cha namba na rilei yake, ELM327 ya kusoma kompyuta ya gari, voltimita ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, traka ya laini ya simu. Kazi yako inabaki kufunga na kutafuta pa kuchukulia umeme.

Taa za mbele hafifu

Hapa hakuna mjadala mrefu, rilei inashinda na wengine wasiingie kabisa.

Gari ikizeeka umeme wa taa unapita njia ndefu, kutoka betri mpaka kwenye swichi ya usukani, swichi yenyewe imechoka, unarudi mbele, ukifika kwenye balbu umeshapungua. Na balbu ya uzi haipungui mwanga sawasawa na volti, volti zikishuka kwa asilimia 10 tu mwanga unashuka kwa kama asilimia 30. Balbu mbili za H4 za wati 55 kila moja zinavuta karibu ampia 9, ukipitisha izo kwenye swichi ya zamani unategemea nini. Dawa yake ni ile swichi ya zamani iamshe koili ya rilei tu, halafu umeme wa balbu utoke betri moja kwa moja kwa waya wa milimita 2.5 na fyuzi ya bluu ya 15 karibu kabisa na betri. Ukimaliza, pima kwenye soketi ya balbu injini ikiwa inaunguruma, utaona mwenyewe tofauti.

Angalizo moja wanalolisahau wengi: Toyota nyingi za zamani swichi ya taa haikati chanya, inakata ethi (hasi). Yaani kwenye balbu chanya ipo muda wote na swichi ndo inaleta ethi. Ukifunga kwa kukariri mchoro wa gari za Ulaya taa zitafanya maajabu. Chukua multimita pima kwanza, zima, washa, pima tena, halafu ndo ukate waya.

Mtu akikwambia taa aziendeshe kwa Arduino kupitia zile rilei ndogo za bluu za kwenye kibodi, mwambie kwa upole aache. Zimeandikwa ampia 10, ni kweli zimeandikwa, ila ampia 9 saa tatu mfululizo kwenye barabara ya Horohoro ni kitu kingine, na ikitokea programu imeganda unabaki gizani ukiwa kwenye mwendo. Rudi kwenye swali la juu.

Waipa za kusubiri

Hiace na Kirikuu za zamani nyingi waipa zina spidi mbili tu, na masika ya huku mnaijua, kuna mvua na kuna manyunyu, kwenye manyunyu waipa zinakwaruza kioo kikavu mpaka kichwa kinauma. Unataka ipige mara moja, isubiri sekunde sita saba, ipige tena.

Hii ndo kazi ya 555 kwa asili yake. Rezista na kapasita ndo zinahesabu muda, kiloomu 100 na maikrofaradi 100 zinakupa karibu sekunde 7, ukiweka rezista ya kuzungusha dereva anajiongezea na kujipunguzia. Na kwa taarifa yako wazo hili lenyewe lilitoka nyumbani kwa mtu. Robert Kearns, mhandisi wa Detroit, jicho lake la kushoto liliumizwa na kizibo cha shampeni siku ya harusi yake mwaka 1953, akawa anawaza kope mbona zinafumba na kufumbua kwa vipindi na waipa haziwezi? Akatengeneza saketi ya transista na kapasita, akaijaribu kwenye Ford yake, hataza (haki ya mvumbuzi) akapata 1967. Kampuni kubwa zikatoa magari yenye waipa za hivo bila kumlipa, akawashtaki, akapigana miaka na miaka, mwaka 1990 Ford wakakubali kumlipa dola milioni 10.2, na Chrysler nao mahakama ikawakuta na deni. Fundi wa nyumbani kwake huyo. Nikisikia mtu anaita kazi ya kapasita ya kizamani namkumbuka yeye.

Sasa Arduino inaweza hii kazi? Inaweza, kwa mistari michache tu. Ila inaongeza nini? Labda sensa ya mvua, na sensa ya mvua ile ya bei rahisi yenye mistari ya shaba huku pwani inaoza haraka. Sioni faida. Ya dukani zipo, rilei za waipa za universal, ukiipata ya gari yako chukua tu.

Kwenye kufunga kuna mtego mmoja, na huu haujali umechagua 555 au Arduino. Mota ya waipa ina swichi ndani yake ya kuirudisha chini, waipa ikishalala ile swichi inaugusisha waya wake na ethi ili mota isimame pale pale. Ukichukua rilei ya miguu minne ukapiga chanya kwenye waya wa spidi ndogo wakati mkono wa waipa uko kwenye kuzima, umepeleka chanya kwenye ethi moja kwa moja, fyuzi kwaheri. Tumia ya miguu mitano: 30 iende kwenye mota, 87a iende kwenye waya unaotoka kwenye mkono wa waipa, 87 ndo ipate chanya. Rilei ikishtuka nusu sekunde mota inaanza, ikiachia, swichi ya ndani inamalizia mzunguko yenyewe. Nusu sekunde inatosha kabisa, usiipe zaidi.

Gari inayochemsha

Hapa ndo Arduino inaanza kustahili heshima, na hapa ndo nitakaa.

Gari ndogo nyingi za Kijapani tunazopanda hazina geji ya joto. Kuna kitaa cha bluu asubuhi, kinazima, halafu kuna chekundu ambacho ukikiona mara nyingi umeshachelewa. Pandisha Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za mlima na kona, gari imejaa abiria na magunia ya karoti yanakusubiri kurudi nayo, hapo dereva anataka kujua joto linapanda, siyo kujua limeshapanda. Afu kuna jambo baya zaidi, sensa ya kiwandani inapima maji. Hosi ikipasuka maji yakaisha yote sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, inaweza kusoma chini wakati hedi ya injini inaiva. Madereva wengi waliopindisha hedi wanakwambia kabisa "taa haikuwaka". Hawaongopi.

Kwa hiyo kidude kizuri ni cha kupima chuma chenyewe: sensa ya NTC (rezista inayopungua joto likipanda) ya kiloomu 10 ndani ya kile kichwa cha waya cha duara, unaifunga na bolti ya karibu na silinda hedi, mbali na egzosti. Chuma hakiondoki maji yakiondoka.

Kuisoma unaweza kwa njia zote tatu.

LM393 ni rahisi mno. Inalinganisha volti mbili, ya sensa na ya rezista ya kuzungusha, joto likivuka kikomo, baza inalia. Inastahimili mpaka volti 36, haihitaji kodi, ukiiseti imesetika. Shida yake ni moja na kwangu ni kubwa: waya wa sensa ukikatika, NTC iliyokatika inaonekana kama baridi kali, na kifaa kinanyamaza. Unaendesha ukiwa na amani kwa sababu mlinzi wako kafa na hajakuaga.

W1209 inakupa namba kwenye kioo na rilei ya kuwashia baza, sensa yake inakuja nayo, unaipa volti 12 na imeisha. Kwa anayeanza ndo naishauri hii, kwa kweli. Mipaka yake: inasoma mpaka nyuzi 110 tu, ile sensa yake ya plastiki haikutengenezwa kukaa kwenye hedi so utaibadilisha, haina boksi, na vitufe vyake mtoto akivigusa umepoteza seti yako.

Arduino Nano inafanya yale yote na inaongeza akili kidogo pale inapohitajika. Unaiambia usilie mpaka joto livuke kwa sekunde tano mfululizo, ili isikupigie kelele kwa usomaji mmoja wa kichaa. Unaiambia ukiona namba imegonga mwisho wa skeli, kwenye 1023 au 0, huo siyo ubaridi wa Lushoto, huo ni waya umekatika, lia mlio tofauti. Unaiambia ikihesabu joto limepanda nyuzi 8 ndani ya dakika moja toa onyo hata kama kikomo hakijafika, maana hosi imeachia. LM393 hayo haiwezi bila kuijazia vipuli mpaka boksi lifure. Na namba ya kikomo usiikopi kwa mtu. Thamostati za hizi injini hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu lakini chuma ulichofunga sensa kina joto lake, so endesha siku kadhaa, andika namba ya kawaida ya tambarare Muheza mpaka Korogwe, andika na ya mlimani gari ikiwa nzima, ndo uongeze nyuzi kumi juu ya ile ya mlimani.

Sasa lile swali la Segera. Kidude hiki kinatazama tu, hakizimi gari, hakiendeshi feni. Kikifa umepoteza mtazamaji, gari inaenda. Juzi mzee mmoja mwenye Noah ya Lushoto alinibana palepale:

"Sasa mwanangu hiyo kompyuta yako ikigoma njiani, hapo Soni nani anaijua?"

"Hamna wa kuijua mzee wangu, unachomoa fyuzi yake hii ndogo, gari inarudi ilivyokuwa jana."

"Hapo tumeelewana."

Kwangu hicho ndo kipimo, kila kidude kiwe na fyuzi yake na ukiichomoa gari isijue kama kulikuwa na kitu. Ndo maana sipendi kabisa watu wanaokata feni ya rejeta kutoka kwenye mfumo wake wakaiweka chini ya Arduino peke yake. Ukitaka kuisaidia feni, rilei yako iwashe sambamba na ile ya kiwandani, yoyote ikiamka feni inazunguka.

Kwanini Arduino zinakufa kwenye magari

Watu wanasema gari ina volti 12. Gari haina volti 12. Betri nzima iliyopumzika ina 12.6, altaneta ikichaji ni 13.8 mpaka 14.4, ukipiga stata inaanguka mpaka 9 na betri ikichoka chini zaidi, na terminali ya betri ikiachia wakati altaneta inachaji panaweza kuruka mshale wa volti 40 na kuendelea kwa muda mfupi sana. Rilei hayo yote haiyajui. 555 mwisho wake ni 16, so ipe rezista ya omu 100 na daiodi ya zena ya volti 15 kwa ajili yake yenyewe, ila koili ya rilei isipite kwenye hiyo rezista, ichukue umeme wake pembeni. Na kila koili iwekewe daiodi ya 1N4007 kinyumenyume, koili ikiachia inarudisha teke la umeme ambalo linaua transista.

Nano kwenye mguu wa VIN (wa kuingizia umeme) inapendelea volti 7 hadi 12. Wengi wanaipa ya gari moja kwa moja, inawaka, wanafurahi, wiki mbili imekufa. Wengine wanaweka 7805, IC ya kushusha volti, siyo mbaya, lakini kushusha kutoka 14.4 kwenda 5 ukivuta ampia 0.2 tu ni karibu wati 2 za joto tupu ndani ya boksi lililoko kwenye dashibodi iliyoegeshwa juani Mkwakwani. Mi naweka hivi: fyuzi ya ampia 1, daiodi ya 1N4007, TVS (kipuli cha kumeza mishale ya volti) ya P6KE18A kwenda ethi, kapasita ya volti 35, halafu kibodi cha kushusha volti cha LM2596 kilichosetiwa volti 5 kwa multimita KABLA hakijagusa Arduino. Hivyo vipuli vya ulinzi ni vya bei ndogo mno, na ndo vinavyorukwa.

Jambo lingine ni ulaji. Nano inakula kama miliampia 20 hata ikiwa haifanyi kitu. Ukiiunga kwenye umeme wa muda wote, kwa siku ni karibu nusu ampia-saa, gari ikilala wiki mbili imekula kama 7, kwenye betri ya 35 hiyo ni sehemu ya tano. ESP32 yenye WiFi iliyowashwa ikivuta miliampia 100 inamaliza betri hiyo hiyo kwa wiki mbili zile zile. Rilei iliyolala inakula sifuri. Kwa hiyo kama huna sababu ya msingi, vidude vyote vichukue umeme unaokuja na ufunguo tu.

Swichi ya siri ya wizi

Ya dukani kwanza: alamu zenye rimoti zinafanya kazi, ila mafundi wengi wanazifunga mahali pale pale kwa namna ile ile, na mwizi naye ni fundi. Arduino yenye kisomaji cha kadi cha RC522 inavutia sana, unapitisha kadi gari inakubali, wageni wanashangaa. Ila umeshaweka kompyuta ya mezani katikati ya wewe na safari. Unyevu, kodi ikaganda, hapo unasukuma gari.

Mi nachagua kidude cha njia ya kwanza ambacho kinanifurahisha kila nikikifunga: swichi ya sumaku, kile kimrija kidogo cha kioo, kinafichwa nyuma ya plastiki ya dashibodi pasipoonekana chochote. Kwenye ufunguo unatundika kisumaku. Swichi inaamsha koili ya rilei, rilei inaunganisha waya mdogo wa stata. Ukishika sumaku mahali panapojulikana na wewe ukazungusha ufunguo, inawaka, ukikosea mahali stata inanyamaza kama betri imekufa. Ikishawaka kidude hakina kazi tena, kikifa ukiwa kwenye mwendo hutajua hata. Kikigoma asubuhi unaunganisha nyaya mbili. Hakuna tundu, hakuna kitufe cha kutafuta.

Wapo wanaopenda kukata pampu ya mafuta. Fikiria rilei imeachia uko kwenye kuovateki lori la saruji la Pongwe. Stata, siyo pampu. Na nyaya zenye soketi za njano ni za eabegi, usiziguse kwa njia yoyote ile, na kama gari ni basi la mkoani lenye kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo usikisogelee pia.

Kusoma kompyuta ya gari

ELM327 na simu, kwisha. Usitengeneze. Tundu la OBD-II (la kusomea kompyuta ya gari) lilikuwa lazima Marekani kuanzia 1996 na hesabu zake zinajulikana, kwa mfano joto la maji linakuja kama namba moja, unatoa 40 umepata nyuzi. Unaweza kuandika mwenyewe kwenye ESP32, ni mazoezi mazuri, lakini utatumia wiki kufikia pale kifaa cha dukani kilipoanzia. Kitu cha kujua ni kwamba gari za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaweza kuwa na tundu lile lile la pini 16 na zisiongee lugha ya ELM327, so usimlaumu muuzaji kabla hujajaribu kwenye gari nyingine. Kwa hizo, Toyota za zamani unaunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha dayagnosi, taa ya injini inapepesa, unahesabu. Bure kabisa.

Traka nayo nunua. Laini yake isajiliwe kwa alama za vidole kwa jina la mwenye gari, siyo la fundi, hilo limeshaleta ugomvi sana.

Chumvi

Kibodi kinachoishi Dodoma miaka mitano hapa kinaweza kisimalize masika mawili. Nilifungua boksi moja la Kirikuu inayobeba samaki kutoka Deep Sea, maji ya barafu yanachuruzika mpaka kwenye kabini, pini za Nano zilikuwa na unga wa kijani, ukizigusa na kucha zinapukutika, na pembeni yake rilei ya gari ya kawaida kabisa imeota kutu juu na bado inagonga. Hapo ndo utajua kwanini naipendelea.

Ukichagua kibodi chochote, cha kwako au cha dukani, kipake rangi ya kucha isiyo na rangi, makoti mawili, ukiacha soketi tu na kile kiskurubu cha kusetia. Usikijaze silikoni ile inayonuka siki, ile harufu ni asidi na inakula shaba, tafuta isiyonuka. Nyaya zichomee lehemu halafu zivishe mpira wa kubana, kuzisokota na kuzifunga selotepu huku kwetu ni kutengeneza hitilafu ya mwakani. Boksi matundu yake yatazame chini.

Kama unawaza kuuza

Vidude vya rilei vinauzika haraka mtaani kwa sababu fundi yeyote anaweza kuvirekebisha, ila fundi yeyote anaweza kuvikopi pia, na taa za rilei huwezi kuziombea hataza, dunia nzima inazijua. Cha Arduino unakuwa na kodi yako na kidogo cha kulinda, kama kile cha joto chenye kutofautisha waya uliokatika na hosi iliyopasuka. Ukiona una kitu kipya kweli, hataza zinaombwa BRELA, na usikimwage chote mtandaoni kabla hujaomba. Kwa boksi na ushauri wa biashara SIDO wana ofisi yao hapa hapa Tanga. Nenda na kitu kinachofanya kazi kwenye gari, umekipaki nje, boneti iko wazi.